Mpishi na Mstari wa Mkaa

Ukitaka kumuudhi Mpishi, mwambie jambo halafu umalizie kwa "kila mtu anajua." Anauweka mwiko chini, anakuuliza, "Nani amelijaribu?" Ukianza kujiumauma, anaongeza, "Mara ngapi?" Nimeshuhudia watu wazima, wenye miji yao na heshima zao, wakitoka jikoni kwake wamevimba mashavu kwa ajili ya maswali hayo mawili. Mimi mwenyewe nimetoka hivyo si mara moja, na mimi ni mwalimu niliyesomea ualimu, tena mwanamke wa hasira za karibu.

Alikuwa anapika katika shule ya msingi niliyopangiwa nilipotoka chuoni, kwenye kijiji kimoja kati ya Chanzuru na Msowero, miaka ile ambayo nchi nzima ilikuwa inahamia vijiji vya Ujamaa. Jina alikuwa nalo, la kwake na la babake, ila halikuwa na kazi. Watoto walimwita Mpishi, Mwalimu Mkuu alimwita Mpishi, na mkewe naye alimwita Mpishi, ingawa yeye alilitamka kwa kejeli, kwa sababu nyumbani huyo bwana hakupika hata siku moja. Nyumbani alifanya majaribio.

"Mwalimu, una sufuria ya kuniazima?" mkewe aliniuliza wiki yangu ya kwanza pale, akiwa amesimama upande wa pili wa ua wa mabua uliotutenganisha. "Ninazo tatu, na zote zina maharage yasiyoliwa. Mgeni amefika, nitamchemshia chai kwenye kiatu?"

Nikampa sufuria, kisha umbea ukanipeleka kuchungulia. Nilikuta meko matatu yamewashwa moto. Maharage ya aina moja, yaliyopimwa kwa kikombe kimoja: haya yalilala ndani ya maji tangu jana, haya yametiwa magadi, haya yamebandikwa makavu. Kando ya kila moto palikuwa na fungu la kuni alizozihesabu moja moja. Mpishi mwenyewe, mzee mwembamba aliyevaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi, hakunitazama. Alikuwa anatazama kopo la maziwa ya unga lililoning'inia darini, lenye tundu la msumari chini, likidondosha maji kwenye bakuli. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Usichungulie sufuria."

Maharage yale aliyarudia siku tatu. Yaliyolala majini yaliiva kwa nusu ya kuni. Ya magadi yaliwahi zaidi, ila yalikuwa na ladha ya sabuni, na mkewe aliyamwagia kuku. Siku ya nne Mpishi alikwenda kwa Mwalimu Mkuu, akaeleza, akakubaliwa. Wasichana waliokuwa wanatumwa kuni kila siku asubuhi wakaanza kwenda siku moja na kupumzika siku inayofuata, nami nikapata wanafunzi katika somo langu la kwanza. Kwa ajili hiyo peke yake ningempenda yule mzee maisha yangu yote.

Kumbukumbu zake ziliandikwa ukutani. Ukuta wa ndani wa jiko lake ulipakwa udongo mweupe, na juu yake alichora kwa mkaa, maana herufi alizijua chache, hizo alizozipata kwangu kwenye kisomo cha watu wazima, na hakuziamini sana. Kila jaribio lilikuwa na safu yake. Mwanzoni kapicha kadogo: sufuria, gunzi, jani, kopo. Mbele ya kapicha vijiti, kimoja kwa kila mara aliyojaribu, vikisimama kama jambo limekubali na vikilala kama limekataa. Jambo likikubali mara tatu mfululizo, alivuta mstari mrefu wa mkaa chini ya safu nzima, kutoka mlangoni hadi konani, akapangusa mikono na kusema, "Nimefunga." Lisipokubali, safu ilibaki wazi. Nilikuta pale safu zilizokuwa wazi tangu kabla ya Uhuru.

"Mara moja siandiki mstari," alikuwa anasema, na wanafunzi walimwigiza wakicheza uwanjani.

Nilimuuliza alitoa wapi tabia hiyo. Akasema Mikumi, ujanani, alipokuwa anawapikia wapima barabara. "Wale watu walipima sehemu moja mara tatu, Mwalimu, na huku simba ananguruma hapo kwenye majani. Nikajiuliza, mtu anayerudi kupima mara ya tatu na simba yuko karibu, anajua kitu gani ambacho mimi sikijui?"

Msidhani alikuwa anafanikiwa tu. Aliwahi kuchanganya mahindi ya mbegu ya mkewe na pilipili ya kusaga, aone kama wadudu watakimbia. Wadudu sijui, sisi tulikimbia. Mkewe alipofunua kihenge, wote tuliokuwa uani tulipiga chafya mpaka jioni, na yule mama akahamia kwangu siku mbili, akisema hatarudi mpaka huyo mpishi wa watu ale mahindi hayo mwenyewe. Aliyala. Ukutani akachora pilipili na kijiti kilicholala, akaiacha safu wazi. Aliwahi pia kuilinganisha saa ya mkononi ya Mwalimu Mkuu na kopo lake kwa wiki nzima, akamwambia mbele yetu kwamba saa ya Ulaya inachelewa. Mwalimu Mkuu hakumsemesha mwezi mzima. Baadaye alipokwenda Kilosa mjini, fundi akamwambia vilevile.

Halafu kuna hili, ambalo sijawahi kulielewa. Mtu huyuhuyu, asiyekubali neno la Bwana Shamba wala la shehe bila kulipima, aliamini kwa moyo wote kwamba mgeni akichungulia sufuria, maharage hayaivi. Siku moja nikamwambia, haya Mzee, tupike sufuria tatu, nichungulie moja, tuone. Akanitazama kana kwamba nimetukana.

"Hilo halipimwi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yataungua bure, Mwalimu, na watoto hawajala." Akanifungia mlango. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sasa nieleze habari ya udongo, maana ndiyo inayofanya nimwandike.

Amri ya kuhama ilitufikia wakati wa kiangazi. Watu wetu walikuwa wamekaa wametawanyika, huyu kwenye kilima, yule kando ya korongo, nasi tukaambiwa tukusanyike mahali pamoja, tupate kisima, zahanati na barabara. Hilo halikuwa na ubaya, na wengi tulilipokea kwa furaha. Ubaya ulikuwa vigingi. Bwana Shamba alivipigilia bondeni, kwenye udongo mweusi, mahali tambarare palipo karibu na barabara. Wazee wakasema bonde lile hunywa maji ya masika mpaka linatapika. Lakini Katibu wa Kata alikuwa amechoka. Kila kijiji alichokwenda kuhamisha, aliambiwa pana mafuriko, au pana mizimu, au pana nyoka, na mara nyingi watu walikuwa hawataki tu kuacha migomba yao.

Bwana Shamba, kijana mpole na mkweli, alisimama mkutanoni akasema, "Wazee wangu, nimepima. Nilichimba shimo bondeni, nikamwaga debe zima la maji. Yalinywewa hata sijageuka. Udongo ule haushiki maji."

Na ni kweli alipima. Mpishi akanyoosha mkono.

"Umejaribu mara ngapi, mwanangu?"

"Mara moja, Mzee."

Mpishi akakaa. Watu walicheka, na Katibu hakupenda kile kicheko. Akasema anayechelewesha maendeleo tutamjua, na kwamba nchi hii haina upungufu wa wapishi. Tukapewa wiki tatu tuwe tumeezua mapaa.

Mpishi alikuwa na watoto wa kuozesha na hakuwa na kazi nyingine. Kesho yake alfajiri nilimkuta uani na makopo mawili yaliyotobolewa chini na kuwekewa kitambaa. Kopo moja alilijaza udongo mweusi wa bondeni, jingine udongo mwekundu wa mwinuko ulioko nyuma ya shule, ambako wazee walitaka kijiji kiwe. Akamwaga kikombe kimoja kimoja cha maji. Nilikuwa nimeacha madaftari yangu bila kusahihisha ili nione Bwana Shamba anavyoumbuka.

Maji ya udongo mweusi yalipita yote kabla kopo la saa halijafika nusu. Ya udongo mwekundu yalikuwa bado yanajikokota.

Tulitazamana. Mkewe, aliyekuwa anapepeta unga, aliacha. Mpishi akaenda ukutani, akachora kopo, akachora kijiti kilicholala.

"Kifute," nikamwambia. Naona aibu kuandika haya, lakini ndivyo nilivyosema. "Kifute, Mzee. Nani atajua? Tuseme yamekataa kupita, tuwaokoe watu."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Nikikifuta hiki, Mwalimu," akasema, "utajuaje kwamba zile safu nyingine sikuzifuta?"

Siku ya pili akamwaga maji kwenye makopo yaleyale, bila kubadilisha udongo. Yote mawili yalipitisha sawasawa. Siku ya tatu akamwaga tena. Udongo mwekundu ulipitisha kama jana. Udongo mweusi ulikuwa umevimba hadi ukingoni, unang'aa, na maji yalisimama juu yake. Yalisimama mpaka watoto wakaondoka shuleni. Yalisimama mpaka jua linazama, na Mpishi akaanza kucheka peke yake, kicheko cha chinichini, mabega yakimtikisika.

"Udongo huu una nyufa," akasema. "Kiangazi umepasuka. Maji ya yule kijana hayakunywewa, yalitumbukia. Ukishalowa, unafunga mdomo."

Nikataka tukimbilie kwa Katibu saa ileile. Mpishi akamwaga ule udongo, akaenda kuchimba mwingine, akaanza upya. Nilimgombeza. Nilimwambia siku zinakwisha, kwamba nyumba ya jirani yetu imeshaezuliwa, kwamba yeye ni mzee wa kichwa kigumu anayechezea makopo huku watu wanahesabiwa vigingi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Masika yatakuja kila mwaka," akasema. "Na mimi nimeambiwa nikakae huko mpaka nife. Siku sita si nyingi."

Alirudia mara tatu zote, siku tisa kwa jumla. Hata hapo hakwenda na maneno. Alikwenda ofisini kwa Katibu na makopo mawili matupu, mfuko wa udongo huu na mfuko wa udongo huu, na kikombe. Nilifuatana naye.

"Ndugu Katibu," akasema, "sikuja kubishana. Naomba ujaze mwenyewe, umwage mwenyewe, ufunge mlango na ufunguo ukae nao. Kikombe kimoja kila siku, siku tatu. Mimi nitakuwa jikoni."

Katibu akayavuta makopo upande wake. Nadhani alikubali ili amwaibishe. Siku ya kwanza alimtuma mgambo kuja kutangaza shuleni kwamba maji ya bondeni yamepita upesi kuliko ya mwinuko. Mpishi akamwambia yule mgambo, "Ndivyo. Mwambie nimemsikia," akaendelea kukoroga uji. Siku ya pili mgambo hakuja.

Siku ya tatu tuliitwa mkutanoni. Katibu alikuwa ameweka makopo juu ya meza mbele ya watu wote, na Bwana Shamba amesimama kando. Katibu akamwaga kikombe cha tatu kwa mkono wake mwenyewe. Tukangoja. Chini ya kopo la udongo mwekundu tukasikia maji yanadondoka kwenye sahani. Chini ya lile jingine, kimya. Bwana Shamba akasogea, akatumbukiza kidole kwenye maji yaliyosimama, akakitazama, na uso wake ukabadilika.

"Nilipima kiangazi," akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea. Kisha akawageukia watu. "Wazee wangu, nilipima mara moja, tena kiangazi. Nimekosea."

Katibu akakohoa. Akasema Chama hakikuja kuwazamisha watu. Akasema vigingi ni miti tu. Bwana Shamba alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea bondeni, na alipofika alikishika kigingi cha kwanza kwa mikono miwili akaking'oa mwenyewe. Vigelegele vilivyopigwa siku ile bado navisikia. Wanawake walivibeba vigingi vyote vichwani, wakavipandisha mwinukoni wakiimba, na mke wa Mpishi alikuwa mbele kabisa, kigingi kimoja kichwani na kingine mkononi, akiwaambia watu wote kwamba makopo yale yalikuwa ya kwake. Mimi nililia hadharani, mwalimu mzima, na sikujali.

Mpishi hakuwepo. Nilimkuta jikoni anagawa maharage. Jioni nikaenda kutazama ukutani, nikidhani nitauona mstari mrefu kuliko yote. Vijiti vilikuwa vimesimama, kile cha kwanza kimelala mwanzoni mwa safu, na chini yake hapakuwa na kitu.

"Mzee, hujafunga?"

"Makopo yamekubali," akasema. "Kijiji bado."

Nilikasirika tena. Niliona ametunyang'anya nusu ya furaha yetu. Lakini kabla nyumba yao haijabomolewa, nilikaa siku mbili mbele ya ukuta ule, nikanakili safu zote kwenye daftari la kurasa nyingi, vijiti kwa vijiti. Yeye alisimama nyuma yangu akisahihisha, na hakuniruhusu nisimamishe kijiti kilicholala. Aliniambia nilitunze.

Tukahamia mwinukoni. Bonde tulilifanya la mpunga, na mpunga ulilipenda. Miaka michache baadaye Mpishi aliacha kazi, akaenda na mkewe kukaa kwa binti yao huko Mikumi. Masika yaliyofuata, bonde lilijaa. Si maji ya mpunga, ni maji yaliyosimama kiunoni pale ambapo kigingi cha kwanza kiling'olewa, pale ambapo pangekuwa na nyumba zetu na watoto wetu wamelala. Tulisimama mwinukoni, miguu mikavu, tukitazama. Nikafunga mfuko wangu kwenda Mikumi kumwambia.

Nikaufungua tena. Nilijua angeniuliza nini.

Ilinibidi nisubiri miaka mingi. Kila masika nilishuka ukingoni na mti wa kupimia, na kila mwaka nilimwomba Mungu mambo mawili yasiyopatana, mafuriko yaje na mpunga wa watu usiharibike. Niliogopa mzee atakufa kabla. Mara ya pili ilikuja, nikatia alama. Mara ya tatu ilipokuja nilikuwa nimeshaanza kuvaa miwani, na wiki ileile, njia zilipokauka, nilipanda gari la Mikumi na daftari kifuani.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya bintiye, amekaa kwenye kigoda, aproni kifuani, nyeupe kama zamani. Macho yalikuwa yamekwisha, aliona mwanga tu. Kuzunguka bustani ya mahindi kulikuwa na kamba iliyotundikwa vitambaa vyekundu vinavyonuka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akainamisha kichwa kusikiliza. "Mwalimu. Usiguse vitambaa, ni pilipili na oili chafu. Tembo wamefika hapo mara mbili, wakanusa, wakarudi. Ile safu ya pilipili unaikumbuka? Haikuwa ya wadudu, ilikuwa ya tembo."

"Mara mbili?" nikamuuliza.

"Mara mbili. Bado." Akatabasamu. Kisha akasema, "Nilisikia bonde lilijaa."

"Ulisikia kwa nani?"

"Watu wa magari. Lakini kusikia si kuona, na walisema mara moja."

Nikalifungua daftari kwenye safu ya udongo, nikauchukua mkono wake, nikauweka juu ya ukurasa. "Mara tatu, Mzee. Nimepima mwenyewe, mahali palepale, kwenye kigingi cha kwanza. Mara zote tatu kiunoni, na mwinukoni hakuna nyumba iliyolowa. Nimengoja mpaka mara ya tatu ndipo nikaja."

Vidole vyake vilikuwa vinatembea kwenye karatasi vikitafuta vijiti.

"Ulingoja," akasema.

"Nilingoja."

Akamwita mkewe alete kipande cha mkaa kutoka jikoni. Yule mama, mgongo umeinama na ulimi uleule, akakileta akilalamika kwamba hata wageni wa mbali hawanywi chai kwanza. Mpishi akaniomba nimwonyeshe ukingo wa karatasi. Nikaiweka ncha ya mkaa pale safu inapoanzia, akavuta. Mstari ulikwenda umepinda, ukavuka ukurasa, ukatoka kwenye daftari, ukaendelea juu ya goti la aproni yake nyeupe kabla hajauinua mkono.

"Nimefunga," akasema.

Mkewe aliutazama ule mkaa kwenye aproni, akafungua mdomo, kisha akaufumba, akaenda kubandika chai.